Bega la Mkubwa wa Shirika

Emérence alifika Jumamosi asubuhi akiwa peku, kitenge amekifunga ovyo, na kabla hajafungua kinywa Adalbert alijua kwamba hakuja kuomba sala.

"Papa Adalbert, bwana yangu anakufa."

"Honoré?"

"Niko na mabwana ngapi?" Emérence alishika mlango asianguke. "Mushipa yake ya tumbo, ile ngiri, imekaza tangu jana. Kila kitu anatapika, hata maji. Edouard wa dispansere amekuya kumuangalia. Amesema ni kisu, na ni leo. Jua ikilala hajafika ku hopitali, tutafute mbao ya sanduku."

Adalbert alichukua rozari yake msumarini, akachukua na mwavuli, maana usiku mvua ilikuwa imenyesha na mawingu yalikuwa bado yameketi juu ya ziwa. Moyo wake ulikuwa umeshaanza kuwa mzito. Kumpeleka mgonjwa hospitalini si kazi ngumu palipo na watu wanaotaka kumpeleka. Lakini Honoré!

Waliishi juu kabisa ya Kadutu, pale nyumba zinapoushikilia mlima kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe, na vijia vinateremka katikati ya majiko na vyoo vya watu. Gari halikufika huko. Mgonjwa asiyeweza kutembea alishushwa hadi barabarani kwa kipoyi, kiti cha mbao kilichofungwa kati ya miti miwili mirefu, ikawekwa mabegani mwa wanaume wanne. Kipoyi hicho kilikuwa mali ya shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa waliosali pamoja na kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Mkubwa wa shirika alikuwa Adalbert. Kwenye karatasi za komini alikuwa sitwayeni, yaani raia, Birindwa, kwa sababu serikali ilikuwa imeyakataa majina ya ubatizo, lakini katika shirika hakuna aliyemwita hivyo.

Sheria ya kipoyi haikuandikwa popote, na hata mtoto aliijua. Ilishuka na watu kutoka vijiji vya Bushi walipohamia mjini: asiyebeba habebwi.

Na Honoré hakuwahi kubeba. Aliuza vitenge sokoni, na kila alipoitwa alituma dumu la kasiksi, pombe ya ndizi, pamoja na salamu kwamba mgongo unamsumbua. Watu walikunywa, wakafuta midomo, wakanyamaza. Kisha akalizungushia shamba lake la maharage ua wa miba, akakiziba kijia kifupi ambacho wabebaji walikuwa wakikipita miaka yote. Haukupita muda mama yake Alphonse, mmoja wa wabebaji, akashikwa na ugonjwa wa ghafla. Wabebaji wakaukuta ua. Honoré akasimama ndani ya shamba akipunga mikono: "Maharage yangu! Muzunguke!" Wakazunguka kwa korongo. Mama alifika hospitalini akiwa hai, akafa jioni. Hakuna aliyeweza kusema ni mzunguko ule uliomuua. Hakuna aliyeweza kusema sio.

Hayo yote Adalbert aliyajua. Lakini alijua pia kwamba shirika likimwacha mtu afe kitandani kwa kukosa mabega manne, basi rozari zote walizosali pamoja zilikuwa kelele za vyura. Alimwambia Emérence arudi kwa mgonjwa, akaenda kutafuta watu.

Alianzia kwa Alphonse, kwa sababu ndiko alikoogopa zaidi. Alimkuta nje, ananoa jembe.

"Alphonse, ndugu yangu, tunataka kipoyi."

"Ya nani?"

"Ya Honoré."

Jiwe liliendelea kusaga chuma.

"Sijasikia," alisema Alphonse.

"Nimesema Honoré. Eko nakufa."

"Nilisikia tangu ya kwanza. Nilikuwa nakupatia nafasi ya kubadilisha jina."

Adalbert alivuta pumzi. "Yesu alisema tupende adui zetu."

"Alisema pia tubabebe?"

"Yeye mwenyewe alibeba musalaba yetu."

"Ndiyo, alibeba," alisema Alphonse, na kwa mara ya kwanza akainua macho. Aliutazama mwavuli, akaitazama rozari, akarudi kwenye jembe lake. "Yeye alibeba. Miye naenda ku salongo. Nikikosa ile kazi ya lazima ya Jumamosi, batu ba Chama bananitia ku kasho, na si Honoré atakuya kunitoa."

Kwa Floribert, mbebaji mwingine, alipokewa na mkewe, Georgette, aliyesimama mlangoni kama komeo.

"Floribert eko Bagira, Papa. Ametoka na giza."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Georgette, Bagira siku hizi inakohoa?"

Georgette aliinamisha uso kuficha kicheko, na Floribert akatoka akijikuna kichwa. "Papa Adalbert, usikasirike. Miye sina shida na mutu. Donatien akibeba, nitabeba. Donatien akikataa, miye nani?"

"Weye ni Mukristu!"

"Ndiyo, lakini Donatien njo anajuaka kipoyi."

Adalbert alipanda tena mlima, viatu vikinasa kwenye udongo mwekundu. Watu gani hawa? Juzijuzi tu, siku ya Jumatano, alikuwa amewafundisha habari za Msamaria mwema, wakaitikia vizuri, wakaimba hadi sauti zikakauka. Bwana, alisema moyoni, umenipa mawe niyachunge. Na mawe yenyewe yananiambia niende kwa Donatien.

Donatien alikuwa seremala. Kipoyi kilining'inia chini ya paa la karakana yake, naye na mdogo wake Xavier walikuwa wanapiga randa. Alikwisha kupata habari. Mlimani habari hazingoji mtu avae viatu.

"Hapana," alisema kabla Adalbert hajasalimia.

"Nisikilize kwanza."

"Nasikilizaka weye kila Jumatano. Leo ni Jumamosi."

Xavier akacheka puani. Adalbert akasema yote aliyokuwa nayo: kisu, jua, mke atakayebaki mjane, hukumu ya mwisho. Alisema kwa sauti ya kanisani, kidole kikiwa juu. Alipomaliza, Donatien aliweka randa chini, akavuta kola ya shati lake, akafunua bega. Kulikuwa na sugu nyeusi ya nyama ngumu, kama kisigino cha mtu mzima.

"Ile ni kipoyi," alisema. "Xavier, onyesha Papa." Xavier akafunua lake, nalo lilikuwa hivyo hivyo. "Floribert eko nayo. Alphonse eko nayo. Sasa weye, mukubwa wa shirika, toa shati tuone."

"Donatien, hii si saa ya michezo."

"Sichezi. Tulibeba mama ya Alphonse, weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mbele yenu! Nilikuwa nasali!"

"Mbele, chini ya parapluie, ile mwavuli yako. Tunaanguka ku korongo, weye unageuka unatuambia, 'Fumbo la tatu la rozari!' Papa Adalbert, miye simupendi Honoré, ile ni kweli. Lakini unapita mu manyumba unasema Honoré habebaka. Na weye?"

"Lazima mutu mumoja asali!"

"Tunasalaka chini ya muti. Mungu anasikia hata batu benye kukosa parapluie."

Adalbert aligeuka akatoka bila kuaga. Alisimama nyuma ya karakana, penye maranda yaliyolowa. Alitaka kurudi amwambie Donatien kwamba alivunja magoti kwa ajili ya shirika hili, kwamba alikesha na wagonjwa wao, kwamba hakuwahi kuomba hata asante. Alijaribu kusali, lakini kila alipoanza, sala iligeuka mashtaka. Aliwashtaki mmoja mmoja kwa majina. Alipofika mwisho akaona amebaki mtu mmoja ambaye hajamshtaki, na bega la mtu huyo, chini ya shati safi la Jumamosi, lilikuwa laini kama la bibi arusi.

Hilo halikumtuliza. Lilimwongezea uchungu. Alirudi ndani kwa kishindo.

"Shusha kipoyi. Nabeba miye. Mbele, upande wa bonde, mupaka ku barabara. Na hakuna mutu atanibadilisha, naapa mbele ya Mungu!"

Donatien alimkodolea macho. "Bila kubadilishwa? Hata miye nabadilishwaka."

"Nimesema."

Donatien na Xavier walitazamana, kisha Donatien akapanda juu ya meza na kuanza kufungua kamba. "Kwa kuona ile," alisema, "nitabeba hata shetani."

Floribert, alipowaona wakipita na kipoyi, alivaa kofia yake akafuata. Alphonse naye alikuja nyuma, jembe begani.

"Salongo je?" Xavier alimwuliza.

"Nakuya kuangalia tu."

Honoré alikuwa amekunjamana kitandani kama nguo iliyokamuliwa, uso wa majivu, jasho linatiririka. Walimfunga kitini kwa vitenge vya biashara yake mwenyewe. Alifungua jicho moja, akawahesabu.

"Huyu naye anatafuta nini hapo mbele?" aliuliza. "Anajua kubeba?"

"Anajua kusali," alisema Donatien. "Moja, mbili, tuinue!"

Mti ulimwangukia Adalbert begani kama mtu aliyeruka kutoka juu ya ukuta. Hakuwa amefikiri kwamba ungekuwa hivyo. Alikuwa amekitazama kipoyi miaka mingi kikipanda na kushuka nyuma yake, na siku zote kilikuwa kama kitu kinachoelea. Walipiga hatua chache tu, wakafika kwenye ua wa miba, na Donatien akawasimamisha.

"Papa Honoré, tupite wapi? Ku korongo, ao ku maharage?"

Hakuna aliyecheka. Alphonse alisimama pembeni, ametazama ziwa. Honoré akasema kwa sauti nyembamba, "Maharage… iko na maua sasa."

Emérence aliweka chini beseni la kutapikia alilokuwa amelibeba. Akaenda kwa Alphonse, akalitoa jembe mkononi mwake bila kumwomba, akaukata ua. Alikata kwa nguvu, huku analia kwa hasira, miba ikimchana mikono, mpaka pakawa na nafasi ya watu wawili. "Mupite," alisema. "Na yeye anyamaze."

Wakapita juu ya maharage yenye maua.

Baada ya shamba mlima uliinama vibaya. Udongo ulikuwa sabuni. Wabebaji wa nyuma walikuwa na wimbo wao, neno moja la Kimashi, lugha ya Bushi, lililotamkwa pamoja kila mguu unaposhuka, na Adalbert hakuweza kulipata. Alikuwa akishuka wao wakiwa bado juu, akasimama wao wakiwa wameshashuka, na kiti kikayumba kama mlevi.

"Kunja magoti!" Donatien alifoka. "Usitembee kama uko mu procession ya kanisa!"

"Nakunja!"

"Unainamisha mugongo. Kunja magoti!"

"Mama yangu," alilia Honoré juu yao, "nani ameweka kuku chini yangu? Mutaniua mbele ya dokta!"

Adalbert aliuma meno. Ngozi ya bega ilikuwa imeshachubuka. Alihisi shati limegandia. Donatien alimwambia abadilishwe, akakataa. Floribert alimwambia kwa upole zaidi, akakataa tena. Aliona njia mbele yake kwa ukungu, na katika ukungu huo aliwaona wote wakimtazama siku ya Jumatano, wakijua sasa kwamba mkubwa wao alishuka kutoka juu hadi barabarani bila kupumzika. Watanyamaza, alifikiri. Nikifundisha, watanyamaza kweli kweli.

Wakati huo Honoré alitapika. Matapishi yalimwagika shingoni mwa Adalbert, ya moto na machungu, yakashuka ndani ya shati. Alishtuka, mguu ukateleza, goti likapiga jiwe. Kipoyi kililala upande. Honoré alipiga yowe ambalo Adalbert hakuwahi kulisikia kutoka kwa mtu, vitenge vikakaza, na kama Floribert hangejitupa chini ya kiti, mgonjwa angebingirika hadi kwenye mabati ya nyumba za chini.

"Adalbert, toka pale!" alisema Donatien.

"Niliapa."

"Uliapa kwa nani? Mugonjwa hakukuomba kiapo. Aliomba hopitali!"

Adalbert alikuwa amepiga goti kwenye tope, mti ungali begani, pumzi zinakata. Alimtazama Honoré. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau, na juu yake, nyuma ya wingu, jua lilikuwa limepita katikati ya mbingu. Muda ule wote waliopoteza wakiyumba na kusimama, ulikuwa umepotea kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya mtu huyu. Aibu ilimpanda polepole, chungu kuliko matapishi. Alikuwa ameutoa mwavuli akaweka bega mahali pake, na bado alikuwa mbele yao, anatazamwa.

Mtu pekee aliyekuwa na bega lisilo na kazi alikuwa Alphonse. Alisimama kando ya njia, jembe lake mkononi tena, uso umefungwa.

"Alphonse," alisema Adalbert. Sauti yake haikuwa ile ya kanisani. Ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. "Nimeshindwa, ndugu. Siwezi. Naomba unisaidie."

Wote walingoja, hata Honoré aliacha kuugua. Kisha Alphonse akalichoma jembe ardhini, akashuka, akaweka bega lake chini ya mti.

"Simubebi Honoré," alisema. "Nakutoa tu weye hapo chini. Sogea."

Adalbert akasogea. Neno la Kimashi likarudi, mara hii bila kukatika, na kipoyi kikashuka mlimani kama maji. Alibaki kwenye njia, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Emérence alimpita, akageuka, akamtia beseni mikononi.

"Shika hii basi, Papa. Miye nishike kichwa yake."

Hivyo ndivyo mkubwa wa shirika alivyoingia Kadutu ya chini siku ya salongo, mbele ya watu wote waliokuwa wanafagia mitaro: nyuma ya kipoyi, anachechemea, na beseni la matapishi. Kila Honoré alipoashiria kwa mkono alikimbia mbele, akakinga, akarudi nyuma, akamwaga mtaroni, akasuuza kwa maji ya bomba la mtu aliyemtukana. Mwanachama mmoja wa kwaya alimsalimu kwa mshangao. Adalbert hakuwa na mkono wa kumjibu.

Barabarani walimsimamisha mwenye kamioneti ya kreti za bia, wakampakia Honoré kati ya chupa.

Hospitalini daktari alimbonyeza tumbo mara moja tu, akawaita watu wake kwa haraka. Walipokuwa wanamsukuma, Honoré alimshika Emérence mkono. "Yule wa mbele kule juu," alisema, "alitaka kuniua. Musimwite tena." Milango ikajifunga.

Adalbert alikuwa hapo hapo, hatua moja tu, na alisikia kila neno. Damu ilimpanda kichwani. Aliwageukia wenzake akitafuta uso mmoja wa kumhurumia, akamkuta Donatien amejikaza kutokucheka, na Xavier amegeukia ukuta.

"Mutu ya mushipa hasemi uongo," alisema Donatien. Kisha akamgusa, si begani, bali kwenye kiwiko, na akasema wanarudi kabla mvua haijanyesha, maana kipoyi kikilowa kinaoza. Alphonse alikuwa ameshatoka. Alikuwa na jembe lake la kwenda kulitafuta.

Emérence alirudi kutoka mlangoni kwa daktari. "Amesema tumefika," alisema, akaketi chini sakafuni na kujifunika uso kwa kitenge. "Kidogo tu, na tungechelewa. Lakini amesema tumefika."

Adalbert alitaka kusema Mungu asifiwe. Kabla hajasema, mfanyakazi wa wodi, mwanamke mnene mwenye aproni ya bluu aliyeitwa Adèle, alitokea mwisho wa ukumbi na kupiga kelele.

"Nani ameleta potopoto yote hii? Nimepangusa sasa hivi! Weye, papa! Angalia miguu yako!"

Adalbert aliangalia. Kutoka mlango wa nje hadi pale aliposimama kulikuwa na nyayo nyekundu za wanaume watano na matone ambayo hakutaka kuyajua. Wenye nyayo nyingine, wote wanne, walikuwa wameshaondoka. Alifungua mdomo amweleze: kwamba si yeye peke yake, kwamba amebeba mgonjwa, kwamba yeye ni mkubwa wa shirika la watu wa juu, padri anamfahamu.

"Leta ndoo, mama," alisema.

Adèle hakungoja kusihiwa. Alimpa ndoo na kitambaa cha gunia, akasimama juu yake, mikono kiunoni. Adalbert akapiga lile goti lisiloumia, akaanza kufuta. Bega lilimwaka moto kila alipovuta kitambaa, na hasira yake haikuwa imekwenda popote. Alimfuta Honoré sakafuni, akamfuta Donatien, akajifuta mwenyewe, na tope likarudi kila alipogusa.

"Hapa bado," alisema Adèle, akionyesha kwa kidole cha mguu. "Na kule kwa mulango. Unapangusa kama mutu anabariki."

Adalbert akakamua kitambaa, akarudi mlangoni, akaanza upya.